USINGIZI WA MTU WA ZAMU

Maneno ya Mhariri



Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita lililetwa jambo moja ambalo halikumalizika. Na kwa kuwa wanachama wengi linaowahusu hawakuwapo, maana jioni ile walikuwa kazini, twaona yatupasa kulieleza hapa kwa urefu, ili kila mtu alifikiri kabla ya mkutano ujao.

Mwenzetu mmoja, mtu wa zamu katika idara ambayo hatutaitaja, alikutwa na mkubwa wake amelala juu ya meza saa 10 alfajiri. Asubuhi yake akapewa barua ya onyo. Mwenzetu huyo hakukana. Alisema, "Ni kweli nililala, wala sikujua ya kuwa nimelala mpaka nilipoguswa bega." Kisha akaomba Chama kimtetee.

Hapo mkutano uligawanyika pande mbili. Wa upande mmoja walisema kwamba mtumishi wa Serikali alalaye kazini ajiaibisha mwenyewe na kutuaibisha sisi sote, na kwamba Chama kisijitie katika shauri lake. Wa upande wa pili walisema kwamba usingizi ni maumbile ya Mungu, na mtu halaumiwi kwa maumbile. Sisi twaona kila upande ulishika nusu ya kweli. Walakini usiku ule hakuna aliyeuliza neno lililopasa kuulizwa kwanza, nalo ni hili: Je, ulikuwa usiku wa ngapi?

Tuliuliza baadaye. Tukajibiwa ya kuwa ulikuwa usiku wa saba mfululizo. Tena ya kuwa katika siku zile saba aliitwa ofisini mara mbili saa 4 asubuhi, mara ya kwanza kwa mkutano wa idara, na mara ya pili kutia sahihi karatasi moja, naye alikuwa ametoka kazini saa 1 ya asubuhi zizo hizo. Na yeye mwenyewe, tulipomwuliza zaidi, alikiri ya kuwa mchana wa siku ile ya mwisho hakulala kabisa, bali alikwenda kusimamia mafundi waliokuwa wakimjengea nyumba. Basi katika kosa lile lilikuwamo fungu la idara, na fungu lake pia.

Kwa hiyo neno letu la leo ni moja tu, nalo twataka lishikwe na kila msomaji, awe mkubwa au mdogo: usingizi wa mchana wa mtu wa zamu ni sehemu ya kazi yake. Si starehe, wala si uvivu. Kama vile fundi anavyonoa chombo chake kabla ya kukitumia, ndivyo mtu wa usiku anavyojitengeneza kwa kulala mchana. Auvunjaye usingizi huo, akiwa ni mkubwa wake, au jirani yake, au yeye mwenyewe, ameiharibu kazi kabla haijaanza.

SAA ILIYO NDANI YA MWILI

Wazee wetu walihesabu saa kwa jua. Saa 1 ya mchana ni baada ya jua kuchomoza, na saa 1 ya usiku ni baada ya jua kuzama, nasi twahesabu hivyo hata leo. Basi hesabu hiyo ndiyo hesabu ya mwili pia. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali inapopishana mishipa ya fahamu itokayo machoni, pana fungu dogo la chembe hai lifanyalo kazi kama saa. Saa hiyo huzunguka mara moja kwa muda upatao mchana na usiku, na kila siku husahihishwa na mwanga uingiao machoni. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya elimu ya tiba kwa kugundua jinsi saa ya namna hii inavyokwenda ndani ya chembe za mwili. Nao waliichungua katika inzi wadogo wapendao matunda. Maana viumbe karibu vyote vimepewa saa, toka jogoo awikaye hata mwanadamu amsikilizaye.

Saa hiyo ndiyo ipandishayo joto la mwili mchana na kulishusha usiku, hata likafika chini kabisa yapata saa 10 au saa 11 alfajiri. Wakati huo ndipo macho hujifumba yenyewe, mkono ukawa mzito, na akili ikapungua wepesi wake. Na mtu arudipo nyumbani saa 1 asubuhi, saa ile ile humwambia, "Amka, jua limetoka." Ndiyo sababu alalaye mchana aghalabu hupata saa 5 au 6 tu za usingizi, ambapo mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi. Na kile kilichopungua hakipotei, bali huandikwa kama deni la dukani: leo saa moja, kesho saa mbili, hata mwisho wa juma mwenye duka aja kudai mbele za watu.

Wako wasemao kwamba mtu huzoea. Sisi pia tulisema hivyo zamani. Lakini katika watu wa zamu ni wachache sana ambao saa ya mwili wao hugeuka kabisa, kwa kuwa kila asubuhi jua la njiani huirudisha ilipokuwa, na kila siku ya mapumziko mtu hurudi kuishi mchana pamoja na jamaa zake. Tuliyoyadhani kuwa ni mazoea, mara nyingi ni uchovu uliokaa muda mrefu hata mwenyewe akasahau jinsi alivyokuwa kabla yake.

HATARI YAKE

Pengine mtu atasema, "Uchovu ni wangu mwenyewe, wamhusu nani?" Twamjibu kwa mambo yaliyopimwa. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walitangaza ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za mkono na macho kama mtu mwenye kileo cha 0.05 katika mia ndani ya damu yake, kiasi ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Aliyekaa macho saa 24 hushuka zaidi ya hapo. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angemkubalia nesi mlevi kumchoma mtoto sindano. Basi nesi aliyekesha bila kulala mchana wake yu karibu na hali hiyo, ingawa hakuonja hata tone moja.

Mwaka 2004 katika mji wa Boston, Marekani, madaktari vijana walipimwa katika wodi za wagonjwa mahututi. Walipofanya zamu ndefu za saa 24 na zaidi, makosa yao mazito yalizidi kwa 36 katika mia kuliko walipofanya zamu zilizofupishwa. Madaktari wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wateule wa vyuo vyao. Tena tarehe 24 Machi mwaka 1989, dakika chache baada ya saa 6 usiku, meli ya mafuta iitwayo Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, ikamwaga baharini mafuta yapatayo galoni milioni 11. Waliotumwa na Serikali ya Marekani kuchunguza walitaja miongoni mwa sababu kwamba ofisa aliyekuwa akiiongoza alishindwa kuigeuza inavyopasa, labda kwa uchovu na wingi wa kazi.

Tena yafaa kujua ya kwamba hatari haikai mahali pamoja, bali huongezeka usiku hata usiku. Simon Folkard na Philip Tucker, Waingereza, walikusanya hesabu za ajali katika kazi za zamu, wakazitangaza mwaka 2003. Wakaona ya kuwa, ukilinganisha na usiku wa kwanza, hatari ya usiku wa pili huzidi kwa 6 katika mia, ya usiku wa tatu kwa 17, na ya usiku wa nne kwa 36. Msomaji na arudi sasa kwa mwenzetu aliyekutwa usiku wa saba, ajifikirie mwenyewe.

Juu ya hayo yako madhara ya miaka mingi. Mwaka 2007, na tena mwaka 2019, shirika la kimataifa lichunguzalo saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika fungu la mambo ambayo yamkini husababisha ugonjwa huo. Hatusemi haya ili kumtia mtu hofu akaacha kazi. Hospitali haiwezi kufungwa jua likizama, wala bandari, wala mashine za maji na umeme. Twasema kwa sababu jambo lenye hatari hutakiwa kufanywa kwa utaratibu.

JUU YA DAWA

Watu wengi wakiona usingizi wawashinda mchana hukimbilia vidonge. Na wakiona wawazidi usiku hukimbilia miraa, au vinywaji vya kopo vitiavyo nguvu. Twawaonya ndugu zetu juu ya mwenendo huu. Vidonge vya usingizi humlaza mtu, lakini havibadili ile saa iliyo ndani yake. Baadhi yake humwacha mzito wakati wa kuingia kazini, tena huleta mazoea hata asiweze kulala bila kuvimeza. Miraa humkesha usiku, kisha humkatalia usingizi asubuhi autakapo. Pombe nayo ni laghai: hulaza upesi na kuamsha upesi, na usingizi wake haupumzishi. Hivyo mtu huwa katikati ya vitu viwili, kimoja cha kumwamsha na kimoja cha kumlaza, naye hana tena nafsi yake.

Walakini aliyepewa dawa na daktari asiiache ghafula kwa kusoma maneno yetu, bali arudi kwa daktari wake amwulize. Na yule akoromaye sana na kukatika pumzi usingizini, au asiyepata usingizi majuma mengi hata siku za mapumziko, huyo huenda ana ugonjwa, naye yampasa kupimwa. Hata kwa huyo, mwaka 2016 chama cha matabibu wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri ya kwamba mtu mzima mwenye ukosefu wa usingizi wa muda mrefu aanziwe kwa mafunzo ya kubadili fikira na desturi za kulala, ndipo dawa zifikiriwe.

FUNGU LETU SISI WENYEWE

Basi tuanze na yale yaliyo mikononi mwetu, maana amwambiaye mwenziwe afagie na afagie kwanza mlangoni pake.

La kwanza, ni kulala kabla ya zamu ya kwanza ya usiku. Mtu aliyeamka saa 12 asubuhi akaingia kazini saa 2 usiku, ifikapo saa 11 alfajiri atakuwa amekaa macho saa 23. Lakini akijilaza alasiri saa moja na nusu tu, atakuwa amelipa sehemu ya deni kabla ya kukopa.

La pili, ni mwanga. Kwa kuwa saa ya mwili hufuata mwanga, pakae taa kali mahali pa kazi katika nusu ya kwanza ya usiku. Na asubuhi, mtu aendaye nyumbani kwa miguu au kwa kuchukuliwa avae miwani ya jua au kofia pana, kisha aende moja kwa moja, asikae barazani kuzungumza.

La tatu, ni chakula. Tumbo nalo lina saa yake, na chakula kizito kiliwacho saa 8 ya usiku hukuta jiko limezimwa. Mtu ale chakula chake kikubwa kabla ya kuingia zamu. Katikati ya usiku ale kidogo, kama vile matunda, mtindi, au uji mwepesi. Na asubuhi ale kiasi cha kumzuia njaa isimwamshe.

La nne, ni kahawa na chai. Hatuzikatazi, ila zina wakati wake. Nguvu ya kahawa hukaa mwilini muda mrefu, hata baada ya saa 5 hivi karibu nusu yake ingalimo. Kwa hiyo anywaye na anywe mwanzo wa zamu, akome saa 6 kabla ya wakati wake wa kulala.

La tano, ni usingizi mfupi kazini, pale unaporuhusiwa na mwenzake akiwa macho. Marubani wa Marekani wa safari ndefu walijaribiwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 1994: waliopewa nafasi ya dakika 40 kwa zamu, wenzao wakiongoza ndege, walilala yapata dakika 26, nao wakawa wepesi zaidi mwisho wa safari kuliko wale ambao hawakupewa. Lakini mtu aamkapo huwa na uzito kwa muda. Basi asishike dawa, wala usukani, wala mtambo, kabla ya robo saa kupita.

La sita, ni njia ya kurudi nyumbani. Wengi hujilinda usiku kucha wakaumia asubuhi. Mwenye pikipiki au gari akiona kope zashuka, asijidai ushujaa. Na alale kidogo pale pale kazini, au apande basi.

La saba, ni chumba. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa bati, na ifikapo saa 6 mchana huwa kama tanuri. Basi mtu alale mara afikapo, kabla jua halijapanda. Dirisha litundikwe kaniki au kitambaa chochote cheusi, pamba zitiwe masikioni, chandarua kishushwe, na simu ya mkononi izimwe au iachwe chumba kingine. Asiyepata saa 7 kwa mara moja, na alale vipande viwili: kipande kikubwa asubuhi, na kipande kidogo kabla ya kwenda zamu.

Hatuwafichi wasomaji ya kwamba mwaka 2016 wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 17 ya kuwasaidia watu wa zamu bila dawa, kama vile mazoezi ya viungo, mwanga, usingizi mfupi, na mafundisho ya kulala. Wakaona majaribio yale yalitofautiana mno, hata haikuwezekana kutoa hukumu moja ya mwisho. Basi kila mtu ajipime. Achukue daftari ndogo, aandike kwa majuma mawili saa aliyolala, saa aliyoamka, na jinsi alivyojiona kazini. Lililomfaa alishike, lisilomfaa aliache. Nasi twajifunza neno la pili katika habari hiyo: ya kuwa mashauri apewayo mtu mmoja mmoja hayawezi peke yake kutengeneza zamu iliyopangwa vibaya.

NYUMBA NA JIRANI

Hapa yatupasa kusema wazi jambo ambalo wanaume katika Chama chetu hawapendi kulisikia. Mwanamume arudipo kutoka zamu ya usiku, aghalabu watoto huambiwa, "Nyamazeni, baba amelala." Lakini mama aliye nesi arudipo kutoka zamu iyo hiyo, hukuta vyombo havijaoshwa, mtoto hajapelekwa shule, na maji hayajatekwa, naye hufanya hayo yote, akalala saa 6 mchana, akaamshwa saa 9 kupika. Kisha usiku twamkabidhi wagonjwa 30. Ndugu, huyo hafanyi zamu moja, afanya mbili. Mume ampendaye mkewe, na alinde usingizi wake kama anavyoulinda mshahara wake. Na mtoto mkubwa, awe wa kike au wa kiume, afundishwe kuteka maji na kupika uji siku ambayo mama ametoka kazini.

Majirani nao waelezwe kwa upole. Mtu akimwambia jirani, "Jamaa yangu, mimi mtu wa usiku juma hili, naomba redio ishushwe mpaka saa 8 mchana," aghalabu atasikilizwa. Asiposema, jirani atajuaje? Na wageni wa mchana, na waletao barua za harusi, na wenye matanga, wote waelezwe wakati wa kubisha hodi.

Kuna na hili la vibarua vya mchana. Twajua mishahara ilivyo, wala hatumlaumu mtu atafutaye ada ya shule ya watoto wake. Lakini auzaye dukani mchana kutwa na kulinda mtambo usiku kucha, auza usingizi wake kwa bei ndogo, na siku moja atatakiwa kuununua kwa bei kubwa. Mwenzetu wa saa 10 alfajiri alitaka kusimamisha nyumba. Nusura apoteze kazi iliyokuwa ikiijenga.

FUNGU LA SERIKALI NA WAKUU WA IDARA

Baada ya kufagia mlangoni petu, sasa twaweza kusimama mbele ya wakubwa kwa heshima na bila woga. Wala hatuji kuomba fadhila, maana sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 yasema ya kuwa usiku ni kuanzia saa 2 usiku hata saa 12 asubuhi, na kwamba kila saa ya kazi ya usiku huongezewa malipo yasiyopungua 5 katika mia ya mshahara wa msingi. Tena yasema, na hili ndilo wengi hawalijui, ya kuwa baina ya kumaliza kazi na kuianza tena mtumishi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo, isipokuwa kwa mapatano ya maandishi na kwa masharti yaliyotajwa. Basi amwitaye mtu mkutanoni saa 4 asubuhi, naye ametoka zamu saa 1 na kurudi saa 2 usiku, amemvunjia mapumziko hayo. Ni kweli sheria hiyo haiwagusi wenzetu wa Jeshi, Polisi na Magereza; lakini mwili wa askari haukuumbwa kwa udongo mwingine, nao wakubwa wao twawaomba walifikiri.

Tena Mkataba wa Kazi za Usiku nambari 171, uliotolewa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1990, wataka wajumbe wa watumishi waulizwe shauri kabla ya kupangwa zamu za usiku, na mtumishi wa usiku akitaka kupimwa afya apimwe bila malipo. Na pendekezo lililofuatana nao lasema ya kwamba mtu asifanye zamu mbili nzima mfululizo, ila kwa jambo la dharura lisiloepukika. Hata pale ambapo mkataba huo si sheria ya nchi, wafaa kuwa kipimo cha uungwana.

Kwa hiyo Halmashauri ya Chama yakusudia kuleta mbele ya mkutano ujao maombi matano, ili yakikubaliwa yapelekwe kwa wakuu wa idara.

1. Zamu zizunguke kwa kufuata mwendo wa saa: kwanza ya asubuhi, kisha ya alasiri, kisha ya usiku, wala zisirudi nyuma. Maana saa ya mwili wa watu wengi huzidi kidogo saa 24, na kwao kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi.

2. Siku za usiku zisizidi tatu mfululizo pale watu wanapotosha. Na pasipotosha, mkuu wa idara aandike sababu, ili upungufu wa watu ujulikane kwa waajiri, usifichwe katika miili ya waliopo.

3. Mtu aliyetoka zamu ya usiku asiitwe kwa mkutano, wala mafunzo, wala kutia sahihi, kabla ya saa 12 za mapumziko yake kwisha.

4. Orodha ya zamu ibandikwe majuma mawili mbele, ili mtu apate kuitengeneza nyumba yake.

5. Pawe na chumba cha kupumzikia, na ruhusa ya maandishi ya kulala dakika 20 hata 30 kwa zamu, mwenzake akiwa macho. Afadhali usingizi mfupi ulioruhusiwa kuliko mrefu ulioibwa.

Msomaji ataona ya kuwa katika hayo matano manne hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kalamu, karatasi, na mkubwa akubaliye kuwaza kabla ya kupanga majina.

JUU YA MWENZETU

Tumalizie tulipoanzia. Chama hakitaomba barua ya onyo ifutwe kwa kusema kwamba kulala kazini si kosa. Ni kosa, na mwenzetu amekiri. Tungesema vinginevyo, siku ambayo mgonjwa atakufa kwa kukosa wa kumtazama tungekosa la kusema mbele ya jamaa zake. Tutakaloomba ni kwamba barua ile iwekwe mezani pamoja na orodha ya zamu ya juma lile, na karatasi mbili zile za kumwita saa 4 asubuhi, na zote zisomwe pamoja. Akiwa mwenye kuamua ni mwenye haki, ataona ya kuwa kosa lile lina wenyewe zaidi ya mmoja, na kwamba kumwonya mmoja tu hakutamzuia wa pili kulala usiku wa saba wake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona. Kila mwanachama afanyaye zamu twamwomba aandike katika daftari usingizi wake wa majuma mawili yajayo, kisha amletee katibu nakala bila kutia jina lake, ila idara na zamu tu. Twataka kwenda mbele ya wakubwa na hesabu mkononi, tusiende na manung'uniko. Na wale walio zamuni usiku wa mkutano, wasidhani wamesahauliwa: safari hii mkutano utafanywa mara mbili, jioni na alasiri ya siku ifuatayo, ili hata mtu wa usiku apate kwanza kulala, ndipo aje kusema.

Sisi, watumishi wenzenu.